Wifi, Sioki Tena Mawe Yako

Wifi yangu Enesi,

Najua hukusoma hata siku moja maishani mwako. Barua za Yoramu kutoka migodini nilikuwa nakusomea mimi, na wewe ulikuwa unanikatiza kila mstari: "Rudia hapo, Tabita. Amesema hivyo kweli, au unaongeza yako?" Leo naandika mwenyewe, hakuna wa kunikatiza, na kalamu inakwenda polepole mno.

Tulikuzika mvua za kwanza zikianza. Sasa ulezi umevunwa na vihenge vimejaa. Mdogo wako Yoramu amerudi na anasema mgodi basi, amechoka kuishi chini ya ardhi kama fuko. Binti yako Rehema amejifungua salama, mtoto wa kike, na tumempa jina lako. Ana sauti, wifi. Akilia, watu wa ng'ambo ya mpaka wanasikia.

Hayo ungeyapata hata bila barua, maana kanisani wanasema ninyi mliotangulia mnatuona. Mimi nina jambo lingine, la kazi yetu. Nimelizunguka siku nyingi.

Nilipoolewa na mdogo wako nikatoka Nanyala kuja Tunduma, wewe ulikuwa mjane tayari, unauza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara. Nilikaa pembeni yako na mahindi yangu. Wanawake wengine wanane walikaa na mahindi yao. Wanaume waliokwenda kwa miguu migodini ng'ambo ya mpaka walipita wakanunua kwa yeyote aliyekuwa karibu. Sisi wengine tuliona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Wewe ulikuwa hutulii.

Unakumbuka habari ya maji ya miguu? Uliona wapita njia wamevimba nyayo, ukasema tuwawekee maji ya moto yenye chumvi, waoshe miguu, kisha watanunua. Tulibeba maji kutoka mtoni siku nne, migongo ikatuuma. Walikuja, wakaosha, wakashukuru sana kwa Kibemba, "natotela, mama, natotela," wakaenda zao na njaa yao. Nilikasirika. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Sasa tunajua. Jana tulikuwa hatujui." Halafu ukamwaga maji, ukaanza kufikiria kingine.

Kingine kilikuja kwa mdomo wa Yoramu. Alikuwa amerudi likizo, anatoa mwiba mguuni, anasimulia njia: unga unalowa mvua, sufuria ni nzito, ikifika siku ya tatu watu wanatafuna mihogo mibichi ya mashamba ya watu. Uliacha kupepeta. Ungo ukabaki hewani mikononi mwako.

"Kwa hiyo wanataka chakula kisichotaka moto wala sufuria," ulisema.

Ndivyo ilivyoanza mikate yetu ya safari. Ulezi, karanga za kutwanga, asali, na chumvi ya Ivuna kidogo. Siku ya kwanza ilikuwa laini, mitamu, na kila jirani aliyeonja alisema ni mizuri. Mimi nilifurahi. Wewe hukufurahi. Uliniambia, "Jirani akisema kitamu, usimsikilize. Mtazame mkono wake, kama unarudi." Mikono ilirudi. Hata hapo ulitaka kungoja. Ulishona vifuko saba vya kaniki, ukatia mkate mmoja kila kifuko, ukavitundika, ili kila siku tufungue kimoja tuone.

Wifi, hapa ndipo pananiuma mpaka leo.

Siku ya tatu ulikwenda shambani. Likaja kundi la wanaume kumi na wawili, wanaondoka asubuhi ile ile, na miongoni mwao alikuwemo Simoni, kijana wa jirani yetu Mama Simoni. Wakauliza kama tuna chochote cha njiani. Nilikuwa na kapu zima la mikate. Nilijiambia, vifuko vitatu vimefunguliwa na mikate ni mizima, vinne vilivyobaki ni vya nini? Nikawauzia kapu lote. Uliporudi nilikuonyesha kapu tupu kwa majivuno. Hukugomba. Uliuliza tu, "Na siku ya nne?"

Asubuhi yake tulifungua kifuko cha nne. Kulikuwa na ukungu wa kijani, kama nyasi changa.

Baada ya siku sita habari zilifika. Wenzake Simoni walitapika wakapona, lakini yeye alishindwa kusimama na wakamwacha kijiji kimoja ng'ambo. Mama yake alikuja mlangoni kwetu, kanga imemteleza begani, akauliza kwa sauti ya kusikika barabara nzima: "Nani kati yenu amemlisha mwanangu sumu?" Nilikuwa nyuma yako. Nikazidi kujificha mgongoni mwako. Ukasema, "Ni mimi niliyeoka, mama." Halafu ukachukua mtungi wa uji, ukavuka mpaka kwa miguu, ukakaa na Simoni siku tano hadi alipoweza kutembea, ukamrudisha kwa mama yake ukiwa umembebea mzigo wake.

Kwa muda mrefu hakuna aliyenunua kwetu hata bisi. Wanawake walihamisha vikapu vyao mbali na vyetu. Nilikuomba tuache, turudi kwenye mahindi. Ulinijibu kwamba mikate haikukosea kuwa mikate, ilikosea kuwa na maji. Ukaanza upya. Uliacha kutia maji kabisa. Ulikaanga unga mkavu mpaka ukabadilika rangi, ukashikanisha kwa asali peke yake, ukakausha juu ya meko siku mbili. Ikawa migumu kiasi kwamba niliporusha mmoja kwa kuku, kuku alikimbia.

Na safari hii hukutundika vifuko tu. Ulifunga mikate ishirini katika kitambaa, ukaenda kwa dada yenu kule Chitete, kwenda na kurudi siku sita, mvua ikikunyeshea, na ukaapa kutokula kitu kingine njiani. Nilihesabu siku hizo kwa vidole, siombi chochote ila urudi. Siku ya sita nilikuona unateremka barabarani, umekonda, matope mpaka magotini, unacheka. Mama Simoni alikuwa anapita. Ulimsimamisha, ukatafuna mkate wa mwisho mbele yake mpaka ukaisha. "Meno ndiyo yamechoka," ulimwambia. "Tumbo liko salama." Naye ndiye aliyenunua wa kwanza.

Watu waliiita mawe ya Enesi, na jina likavuka mpaka. Wanaume waliotoka Vwawa walifika wakiulizia mawe. Tulijenga banda na tanuri la udongo la kukaushia. Tuliajiri wasichana wawili wa kutwanga. Kila mwaka ulibadilisha kitu: karanga zaidi, kisha pungufu, kisha umbo la vidole ili iingie mfukoni. Nami kila mara nilisema, "Wifi, acha, watu wameshaizoea." Unajua nilivyo.

Hata ulipolala kwa homa ya mapafu, pumzi zikikatika, ukiniona nimerudi kutoka bandani ulikuwa unauliza neno moja tu: "Wamesemaje?" Siku ya mwisho uliliuliza mara mbili. Nilikujibu wamesema mizuri. Samahani. Siku ile hakuja mtu. Sikutaka uondoke na habari hiyo.

Maana ukweli ni huu: malori yameongezeka. Wanaume hawaendi tena kwa miguu, au ni wachache mno. Wanapakiwa Mbeya asubuhi, wanapita hapa wamejaa kama magunia, na wanalala ng'ambo mahali penye chakula. Nani atatafuna jiwe wakati jioni atakula ugali wa moto? Wewe uliliona hili kabla hujaugua. Ulikuwa umeanza kukaa kando ya barabara ukiwatazama madereva, hutaki kusemeshwa. Nilidhani umechoka.

Ulipokufa, nilioka mawe kama ulivyooka mara ya mwisho. Kipimo kile kile, umbo lile lile. Rehema alipotaka kuongeza asali nilimfokea. Niliona nikibadilisha hata punje moja ya chumvi, nitakuwa nimekufukia mara ya pili. Mikate ikalundikana. Tulikula sisi, wakala mbuzi, na asubuhi nilioka mingine. Watu walinionea huruma wakanyamaza. Rehema hakunyamaza. Alikuwa na tumbo la miezi minane, akasimama mbele ya meko akaniambia, "Mkaza mjomba, Mama angekuwa ameshaiacha zamani. Hiki unachooka si cha Mama, ni cha kilio."

Nilimpiga kofi. Mungu anisamehe. Halafu tukalia sote wawili, tukaacha moto ukazimika.

Kesho yake nilikwenda kukaa pale pale ulipokuwa unakaa, nikatazama malori. Kutwa nzima. Niliona kwamba lori linasimama muda wa dereva kujaza maji kwenye rejeta tu, wala abiria hawashuki. Wana vumbi mpaka kwenye kope. Hawana njaa sana. Wana kiu.

Tulianza na uji. Waliungua ndimi, lori likaondoka na vikombe vyetu viwili. Rehema akasema, "Sasa tunajua," na nilipogeuka kumtazama alikuwa wewe mtupu. Tukatengeneza togwa ya ulezi, nzito, tukaipoza kwenye mitungi. Togwa haisubiriwi ipoe. Tuliwapandishia juu kwa vibuyu vidogo vyenye kamba, wakanywa, wakarudisha, mikono ikarudi tena. Sikuuliza kama ni tamu.

Siku ya pili dereva mmoja, mtu mkubwa mwenye kofia ya kijeshi, alirudi kutoka ng'ambo amefura. Akasimamisha lori akauliza nani anawapa abiria wake togwa, kwa sababu wamemsimamisha vichakani mara saba kabla ya kufika. Barabara nzima iligeuka. Rehema akaanza kusimama. Nikamshika bega, nikatangulia mimi. "Ni mimi niliyepima vibaya, baba," nilimwambia. Akanitazama, kisha akaanza kucheka. Akasema, "Basi pima nusu, mama. Lakini mimi nipe kibuyu kizima."

Sasa tunapima nusu. Malori yanasimama kwetu hata rejeta zikiwa zimejaa. Mama Simoni anachachua kimea pamoja nasi, na amesema togwa yako ingekuwa kali zaidi. Nimemwambia kweli.

Jana nilibomoa tanuri la kukaushia. Nilifikiri ningelia. Udongo wake ulikuwa umeungua vizuri, nikautumia kusawazisha sakafu ya banda, na Yoramu akaukanyaga kwa miguu huku mtoto akipiga kelele mgongoni kwa mama yake. Hilo ndilo jambo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Sioki tena, wifi. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Rehema ameshaanza kusema kuhusu ndizi za kukausha. Nilikuwa karibu kumwambia aache. Nikang'ata ulimi.

Pumzika sasa, Enesi wangu. Umetembea vya kutosha. Naahidi mtoto atajifunza kusoma, na nitamfundisha mwenyewe. Na ninakuahidi hili pia: sitakuomba ruhusa tena. Ruhusa ulikuwa umenipa zamani sana, ni mimi tu niliyekuwa sisikii.

Wifi yako akupendaye,
Tabita