Panzi wa Shambani kwa Ngolo

Kasokola,
Mpanda.
11 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Maiko,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza nikujulie hali. Joto la Mtwara unalionaje, na kile kifua chako kimepoa? Sisi huku ni wazima kiasi cha kuamka na kwenda shamba. Baba mguu bado unamsumbua, ila sauti yake haijaugua hata siku moja.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei siku hizi, na ile uliyoipokea Januari ilituharibia nyumba vya kutosha. Barua huwezi kuikata katikati. Keti uisome.

Ni habari ya mkeo na yule kinyonga. Unakumbuka Hilaria alimwokota kwenye mpera, akamfuga ndani ya tenga nje ya jiko lake ili awaonyeshe watoto wa darasa lake. Mimi sikumpenda. Nani kwetu anampenda kinyonga? Tulilelewa kumkimbia, na wenye moyo walimtupia ugoro. Lakini Hilaria alipokwenda semina ya walimu mjini, siku tano, aliniomba nimlishie, na wifi yangu yule hajawahi kuninyima kitu.

Nikaenda kukamata panzi kwenye mahindi ya jirani yetu Ngolo. Shambani kwetu walikuwa wanaruka mpaka unachoka. Kwa Ngolo walikuwa wametulia, unawaokota kama unachuma maharage. Nikajisifu moyoni kwamba nina mkono mwepesi.

Siku ya tatu kinyonga akatoka madoa meusi ubavuni. Siku ya nne ngozi yote ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Nilimweka juu ya majani mabichi nikidhani atarudia ukijani wake, wala hakubadilika. Siku ya tano Hilaria alirudi akamkuta amekufa.

Baba alikuwa ameshaona. Akasema wazee walisema kinyonga akiwa mweusi uani na asibadilike, humo ndani kuna mtu anataka kumzika mwenzake. Mguu wake uliokosa jibu hospitali ukapata jibu siku hiyo hiyo. Majirani nao wakaongeza lao: lisemwalo lipo.

Mimi nilinyamaza. Nisikudanganye, niliogopa. Mjane niliyerudi kwa baba yangu, ningesema mimi ndiye niliyemlisha, neno lingenigeukia mimi. Nikaliacha limwangukie Hilaria, mwenye kinyonga.

Ndipo Baba akakupigia simu, akaweka sauti ya nje, sote tumekaa uani na Hilaria amesimama na mwanenu Agatha mgongoni. Ukasema, "Kama nyie wazee mmeona hivyo, basi aende kwao kwanza." Hukuuliza yule mdudu alikula nini. Hukuomba hata kuongea na mkeo. Aliondoka asubuhi yake.

Wiki iliyopita Ngolo alikuja kuazima jembe, akawa analalamika kuku wake sita walikufa Januari kwa kula panzi baada ya yeye kupulizia mahindi dawa ya viwavijeshi. Nikamuuliza ilikuwa wiki gani. Akaitaja ile ile niliyokuwa nikiokota panzi shambani kwake. Wale panzi hawakuwa wametulia, Maiko. Walikuwa wanakufa.

Nilimweleza Baba. Akanijibu dawa ni dawa na kinyonga ni kinyonga, akaomba chai. Nikaenda kuungama, padri akanipa rozari moja. Niliona ni malipizi madogo mno kwa niliyoyafanya, nikapanda basi la Usevya.

Nilimkuta Hilaria anapalilia mpunga wa mama yake. Alinipokea mzigo, akanipikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi angenitukana. Akasema, "Wifi, wewe uliogopa, nimekuelewa. Mzee naye ni mzee, nimemwelewa. Mume wangu ndiye sijamwelewa mpaka leo." Kisha akaniomba nimpelekee nguo zake zilizobaki na vyeti vyake, maana shule moja ya huko imempa nafasi ya kufundisha.

Mimi kosa langu nalijua na nitakufa nalo. Lakini na wewe unaniudhi, mdogo wangu. Mimi nilimlisha kinyonga sumu bila kujua. Wewe ulikuwa na mdomo wa kuuliza na hukuuliza, na uliyemfukuza ni mama wa mtoto wako. Ulimi hauna mfupa, ila wa kwako umevunja nyumba.

Nguo nimezikunja, vyeti nimeviweka juu, begi liko kwenye kitanda chenu. Pasaka ni tarehe thelathini na moja. Ukija kabla ya hapo, utakwenda Usevya mwenyewe, mikono mitupu, ukaseme yako. Usipokuja, Jumatatu ya Pasaka nampelekea begi lake, na sitakuwa na kitu kingine cha kukuandikia juu ya ndoa yako.

Mjomba Respicius anakusalimu, na mama mdogo Romana pia, anauliza kama unakwenda kanisani. Baba hajui kwamba nimeandika. Salamu za mkeo sina. Hakunipa, nami sikuwa na uso wa kumwomba.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe nauli na aibu, vyote viwili.

Dada yako akupendaye hata leo,

Rozalia