Viatu Kwanza, Maneno Baadaye

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu nyumba hii ianze kuwa na watu walewale kila siku. Ulipokuwepo, hatukujua nani atatufungulia mlango: jaji, mpishi mlevi, au bibi harusi wa miaka sitini.

Mchana ulikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na hata mtu ambaye jino limemkosesha usingizi alikaa mbele yako akacheka. Jioni ulikuwa mwigizaji. Ukipewa tamthilia mpya, hukuanza na kukariri. Ulikwenda kumtafutia mhusika wako viatu, ukavivaa nyumbani wiki nzima, unapika navyo, unapiga pasi navyo. "Mwandishi kampa maneno," ulisema. "Miguu namtafutia mimi." Baba akirudi kazini anachungulia chini kabla ya salamu: "Samahani, mama, leo nimeoa nani?"

Sasa tulia, tuna habari! Kalamu kaishika kitinda mimba wako, na unamjua, akiwa na habari hata chai haimshuki.

Unaikumbuka ile tamthilia ya nesi mstaafu anayegoma kuhama nyumbani kwake? Ulishamnunulia viatu, vyeusi, soli ya mpira, ukatutoka kabla hujamsemea hata neno. Mwandishi akaufungia mswada kabatini. "Bila yeye hizi ni karatasi tu," akasema. Mwaka huu kitinda mimba akamwendea, akaiomba ile nafasi. Mzee akakubali kwa sharti: wiki mbili za mazoezi, na ikishindikana mswada unarudi kabatini, hautoki tena.

Basi mwanao akavaa vile viatu vyako. Akajaza magazeti vidoleni, maana mguu wako haukuwa mdogo, tusidanganyane. Akaiga sauti yako, akaiga ulivyoshika kiuno. Zoezi la kwanza tu, kikundi chako kizima cha maigizo machozi! Yeye moyoni anasema, nimeweza. Mwandishi akavua miwani.

"Mmemaliza kulia?"

"Tumemaliza, Mzee."

"Jamani, mimi niliandika kichekesho."

Akamgeukia kitinda mimba. "Na wewe binti, unamwigiza mama yako. Nesi wangu yuko wapi?"

Alirudi nyumbani akaketi jikoni, kilio mtindo mmoja. Baba akamwangalia miguuni, kama kawaida yake. "Vivue hivyo. Mama yako mwenyewe angekwambia katafute vyako." Kisha akaenda kuepua sufuria, na yale malapa yake makubwa, pa! pa! pa! Kilio kikakatika hapohapo.

"Baba, nipe hayo malapa."

"Na mimi nivae nini?"

"Utatembea peku, Baba, ni sanaa!"

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa. Kuna mahali watoto wa nesi wameshafunga masanduku, dalali kasimama mlangoni, na kwenye karatasi nesi ana maneno mawili tu: "Mimi siondoki." Kitinda mimba hakuyasema. Alivuka jukwaa zima taratibu, pa, pa, pa, akakaa kitini, akavua lapa moja, akaliweka mezani mbele ya dalali. Ndipo akayasema. Mama! Watu walicheka mpaka dalali akasahau maneno yake! Baba ndiye aliyetangulia, anamtikisa jirani bega: "Malapa yangu hayo! Yangu hayo!"

Mwandishi alikuja nyuma ya pazia anafuta macho. "Sikujua kama niliandika vile."

"Hukuandika, Mzee."

"Najua. Mama yako naye alinifanyia hivyohivyo miaka ishirini."

Mswada haurudi kabatini, Mama. Tamthilia inachezwa tena mwezi ujao. Na viatu vyako vilikuwepo, tuliviweka kando ya pazia, vidole vikielekea jukwaani, ili usikose. Sasa viko mlangoni, mahali pake.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye kapata malapa mapya na bado anadai ya zamani, wanao watatu, wakwe zako, dada yako, kikundi kizima na Mzee mwandishi, pamoja na wagonjwa wa meno wanaouliza hadi leo yule mcheshi kaenda wapi.

Tutakukumbuka daima, Mama. Na kila mlango ukigongwa, tutachungulia miguuni kwanza.