Mama, Nimemvua Ipyana Sweta

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa niaba ya mjukuu wako, maana leo yeye hana nguvu hata ya kulia. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Mbebe? Mahindi mmeshamaliza kuvuna? Mimi mwili wangu ni mzima. Atupele mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, usiruke mahali hata ukiona pazito. Simu yako nimeipiga tangu jana haipatikani, ndiyo maana naandika. Kaka yake Mama Rukia anarudi Tunduma kesho, atampa barua hii kondakta wa gari la Isongole.

Mama, unajua tuliondoka Tunduma kwa sababu bosi wangu Mama Rukia alivunjika mguu akiwa dukani kwake, na kwenye basi asingeweza kukaa siku nzima. Akasema twende kwao Pemba, nimsaidie kuoga na kupika mpaka apone, na mtoto nije naye. Basi, tukapandia ndege Mbeya. Usicheke, nilimwuliza dada wa mle ndani dirisha linafunguliwaje, Ipyana apate hewa. Akasema, "Hilo halifunguki mdogo wangu, ukilifungua tutakutana chini." Watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Tulipokuwa juu Ipyana akalia masikio, nikampa ziwa akanyamaza. Mle ndani kulikuwa na baridi kama Mbebe alfajiri. Nikamvuta kofia vizuri, nikasema moyoni, kweli mama anaona mbali. Maana siku ile ya kuagana ulinishika mkono ukaniapisha, "Tusekile, hilo sweta asivuliwe mpaka mrudi. Nimonia imeshamwonja huyu mtoto, itamtafuta tena."

Dar tukaingia kwenye boti. Nako ndani ni baridi ya mashine, watu wanatapika kwenye mifuko. Nilidhani bahari ni kama mto mkubwa, unauona upande wa pili. Hakuna upande wa pili, mama. Ni maji mpaka macho yanachoka.

Tulipotoka botini Pemba joto likanipiga usoni kama mtu amefunua sufuria. Nikasema ni jua la mchana tu, jioni patapoa kama kwetu. Hapakupoa. Mimi nikabaki na khanga nyepesi, lakini Ipyana nikamwachia sweta, soksi na kofia ya sufu, na akilala namfunika blanketi. Nilikuwa nimeapa.

Mama yake Mama Rukia, bibi mdogo wa mwili lakini maneno hayamwishi, akawa ananiambia kila siku. "Wee Tusekile, mtoto wamvundika kama ndizi? Akishaiva utamla?" Wajukuu zake wanajishika mbavu kwa kicheko. Mimi nikaona wanatudharau sisi watu wa milimani. Nikamjibu, "Bibi, huyu ni mtoto wa baridi, ndivyo alivyozoea." Akasema, "Haya, mwenye mwana ni wewe."

Kwanza akatoka vipele shingoni na mgongoni, huku wanaviita harara. Halafu mwili ukachemka, anapumua harakaharaka, ziwa analishika na kuliachia. Mama, mimi nikajua ni nimonia imetufuata mpaka kisiwani. Unajua nilichofanya? Nikamwongezea blanketi la pili, nikamkumbatia asipotewe na joto. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Jana jioni akalegea, shingo ikawa haikazi. Bibi alipomgusa utosi hakutania tena, alitoka nje akaita gari la jirani. Hapa zahanati nesi alimvua sweta kabla hata hajaniuliza jina. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Dada, mama yangu amekataza." Akaniangalia, akasema taratibu, "Mama yako yuko kwenye baridi, mpenzi. Mtoto yuko huku. Kaishiwa maji huyu."

Sasa ni mchana. Wamemwekea dripu mguuni, ule mguu mdogo, na utosi umebonyea hata kidole kinaingia. Nesi anasema tangu tumefika hajakojoa. Asipokojoa itabidi avushwe kwenda hospitali kubwa Unguja, na boti ya leo imeshaondoka. Baba Ipyana yuko Kongo na lori, simu yake haiiti. Mama Rukia yuko nyumbani na mguu wake, anatuombea. Kwetu mtoto akizidiwa mtu anamfunga mgongoni anashika njia mpaka hospitali ya Itumba, hata kama ni usiku. Huku kila njia ukiishika inaishia majini. Maziwa yamejaa, yananiuma, na mwenyewe hayataki. Nimekaa tu nimempakata, namtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

Sikuandikii kukulaumu, mama. Ulisema la kwetu, na kwetu ni la kweli. Mwenye macho huku nilikuwa mimi. Ila unisamehe kwamba kiapo nimekivunja, nisije nikabeba na hilo pia. Na bado nina tumaini, usidhani nimekata tamaa. Asubuhi alifungua macho akalitazama feni la juu kwa muda mrefu, kama anayetaka kuliuliza kitu.

Nisalimie baba, mwambie ibadani amtaje Ipyana kwa jina. Nisalimie shangazi wa kule juu aliyemkata kitovu. Nisalimie mjomba fundi baiskeli. Mama mkwe pia, ila la ugonjwa msimwambie kwanza, presha yake itapanda. Atupele, asante kwa kusoma, mshike mama mkono.

Ni mimi binti yako unayenijua,
Tusekile, Mama Ipyana.

Mama, nilikuwa nakunja karatasi nikaona mapaja yana uvuguvugu. Khanga yangu imelowa. Nikamwita nesi kwa sauti, akaja mbio akidhani ni mabaya. Ameishika khanga, amenusa vidole vyake, amekaa kitandani karibu yangu akaanza kucheka. Anasema, "Usiibadilishe, daktari aje aione kwa macho yake." Nimekaa nayo hivyohivyo.