Kioo cha Picha ya Baba

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Aprili 1981

Mpendwa Kaka Bushiri,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe na wifi Kijakazi na watoto. Kifua kinaendeleaje? Ulisema vumbi la stesheni linakusumbua. Chemsha tangawizi, usidharau. Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila roho ndiyo haijatulia.

Ya kawaida kwanza. Sabuni imeadimika, foleni ya sukari pale duka la ushirika naianza alfajiri, na unga tunaoupata ni wa njano, ule wanaouita wa Yanga. Wewe Simba damu ungelala njaa. Masika nayo haijakatika tangu wiki iliyopita.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Chumba cha Mama kule uani kimepata ufa. Ulianza mwezi uliopita, baada ya bomba la maji kupasuka uani, ukiwa mwembamba tu chini ya dirisha. Leo umeshuka mpaka kwenye msingi na kidole changu kinaingia. Mlango haufungi mpaka niusukume kwa bega. Tafadhali usiniandikie methali ya ufa na ukuta. Mtaa mzima umeshanisomea, na hakuna hata mmoja aliyeniletea mfuko wa saruji.

Niliitoa hati ya bima ya nyumba sandukuni mwa marehemu Baba, ile unayoilipia kila mwaka, nikaenda nayo ofisini kwao Posta. Wakamtuma mkaguzi, Bwana Kasmir, mtu mpole. Alinieleza vizuri: bomba likipasuka na maji yakaharibu ukuta, bima inatengeneza. Lakini ardhi yenyewe ikititia chini ya nyumba, hilo halimo. Ili ajue ni lipi, alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, huku saruji na huku saruji, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikikaa wiki mbili bila kuvunjika, ardhi imetulia. Kikivunjika, bado inakwenda. Anarudi Jumatatu.

Tangu siku hiyo, Kaka, nimekuwa mlinzi wa kioo. Nikiamka nakitazama, nikirudi sokoni nakitazama, na wali unaungua jikoni. Kila siku nakikuta kizima, nikaanza kupata moyo.

Juzi nikawa nafuta vumbi sebuleni. Ile picha ya Baba ya kanzu na koti, fremu ipo, kioo hakuna. Nikamuuliza Mama. Akasema kilivunjika. Nikauliza vipande viko wapi, akaanza kuchambua mchele ambao nilishauchambua. Mwisho alisema. Kioo cha Bwana Kasmir kilipasuka siku ya nne tu. Mama akakibandua akakificha, akachomoa cha picha, akakipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi Bakili akikate kwa kipimo kile kile, akaomba konzi ya saruji kwa jirani akakibandika. Na tarehe akaiandika mwenyewe. Elimu ya watu wazima haikupotea bure!

"Baba yenu atatulindia nyumba yake," akaniambia.

Nilicheka, halafu nikalia. Leo asubuhi kioo cha Baba nacho kimepasuka, katikati.

Hapa nakuomba unisome kwa upole. Kabla chumba cha Mama hakijajengwa, choo cha shimo cha zamani kilikuwa upande ule. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wewe na Baba mkikifukia kwa kifusi na makopo, na Mama akitufukuza tusisogee. Je, kilikuwa karibu na ukuta wa jirani, au ni hapo hapo kilipo kitanda chake? Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma.

Kwenye fomu ya bima kuna swali: ardhi ya kiwanja iliwahi kuchimbwa au kufukiwa? Jibu ni "Hapana". Baba alijua herufi za Kiarabu tu, na mwandiko ule ni wako. Sikulaumu, Kaka. Labda Baba ndiye aliyekwambia uandike hivyo, nawe ungefanyaje? Lakini Jumatatu nitamwonyesha Bwana Kasmir vioo vyote viwili na kumweleza habari ya shimo. Bima tukiikosa, basi tumeikosa. Naogopa kumficha yule bwana kuliko ninavyoogopa hasara.

Linalonitesa ni Mama. Nimemwomba ahamie kwangu chumba cha mbele, hataki. Nimemwomba kwa machozi, hataki. Anasema chumba alichojengewa na mumewe hakihamwi kwa ajili ya ufa, na kama kuna wa kumwamuru ni wewe peke yako. Mimi kwake bado mtoto.

Barua hii nampa gadi wa treni ya leo, ikufikie Jumamosi. Usikae kuijibu kwa barua. Nenda posta siku hiyo hiyo ukapige telegramu. Maneno mawili yanatosha: Mama hama.

Msalimie sana wifi Kijakazi, unibusie Zahoro na Mwanamkuu mdogo. Wapangaji wote wanakusalimu, na Mjomba Mrisho anauliza utakuja lini. Mwenyezi Mungu akupe kifua kizima na aturehemu sote na mvua hii.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Waridi

Nimesahau: Mama hajui ninachokuandikia. Amenituma nikwambie kwamba nyumba ni nzima, na kwamba yeye yuko chumbani kwake anapumzika. La kwanza si kweli. La pili ni kweli, Kaka, na mvua imeanza tena.