Kule Rwambuzi Naitwa Angelika

Dieumerci, mutoto wangu wa kwanza,

Hapa Bunia siye tuko. Magoti yananiuma, nyumba bado imejaa ndugu waliokimbia Djugu, na simu yako kule Kilo haipatikani. Basi naandika. Usicheke mwandiko wangu. Ni wa mutu aliyeishia primaire, lakini amezaa profesa.

Unakumbuka tulivyokimbia vita kutoka Kpandroma? Watu walibeba magodoro, wengine mbuzi. Miye nilibeba sufuria moja na diploma yako, nimeifunga kifuani ndani ya kikwembe. Ulinicheka njiani: "Mama, tutakula diploma?" Nikakujibu: "Tutaikula, utaona." Na tuliikula kweli! Ulipoanza kufundisha hesabu na kuitwa Prof, ni nani sokoni hakujua? Hata muuza makayabo, samaki wa chumvi, akaanza kuniita Mama Prof. Sikumukataza. Nimukataze kwa nini? Ni nani mwingine hapa kwetu amezaa kama weye?

Halafu kaikpo, ile pombe kali ya kwetu, ikaingia. Sitaki kurudilia yote. Nakumbuka tu ile asubuhi ulipoinua kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama padri altareni, na chai ikamwangika juu ya shati la kazi. Ukasema: "Mama, nikipata mahali watu wanakaa pamoja kuacha pombe, nitaenda. Lakini isiwe mahali wanakujua. Wakikuona weye, wameniona miye." Kisha ukapanda pikipiki ya Kilo, kuchimba dhahabu. Kilo, mahali pombe inauzwa pembeni ya shimo!

Nikaanza kutafuta. Mwanangu, nimechoka.

Nilienda kwanza kwenye kikundi cha maombi cha kanisa letu, kile cha watu wanaotaka kufunguliwa. Sijakaa hata vizuri, muongozi akashika mikro: "Mama Prof! Prof wetu iko na shida gani? Tumuombee!" Nikasema Prof iko muzima, ni mugongo wangu. Wakauombea mugongo mpaka kartie yote ikausikia.

Nikaenda kwenye kituo cha afya, nimesikia kuna mazungumuzo ya walevi. Infirmière, muuguzi wa mulangoni, akaruka kwa furaha: "Mama Prof! Alitufundisha hesabu! Anaendelea vizuri?" Nikamwambia nimekuja kupima tansio. Wakanipima. Ilikuwa juu.

Mwishowe nikasikia habari ya kikundi cha kule Rwambuzi, upande mwingine wa muji. Ni nyuma ya karakana ya seremala mumoja. Kazi ikiisha, watu wanakaa juu ya mbao wanaongea. Miye siuzi kule, sisali kule. Muzee anayeongoza akaniuliza: "Mama, tukuite nani?" Mudomo ulishafunguka kusema Mama Prof. Nikaufunga. Tangu mama yangu afe, hakuna mutu ananiita jina la ubatizo.

"Angelika," nikasema.

"Karibu, Angelika. Na pombe yako weye ni gani? Mandrakpa ao kaikpo?"

Dieumerci! Miye! Miye ambaye hata divai ya ndoa yangu niliigusa tu na mudomo! Nilitaka kusimama niwaambie nimekuja kwa ajili ya mutoto. Lakini wangeuliza mutoto gani, anafanya kazi gani, na unanijua: nikianza kukusifu, sinyamazi.

"Kaikpo," nikasema.

Nimekuwa narudi kila juma. Siku moja wakaniomba niongee. Nilisema nini? Nilisema mikono yako. Nilisema kikombe, nilisema shati, nilisema jina kubwa ambalo muji wote unalisalimia na weye ndani yake unatetemeka. Nilikuwa nasema "miye, miye", na katikati ya maneno uzito ule ukanishuka kweli mabegani, nikakaa chini kabla ya kumaliza. Muzee akapanguza macho. Nakuambia, pale hakuna mulevi anayenipita kwa kuongea!

Sasa muke wa shemasi wa kanisa letu aliniona nikitoka kule. Sokoni sauti zinashuka nikipita. Muuza makayabo aliniuliza polepole: "Mama Prof, ni kweli siku hizi unakunywa?" Nikamujibu: "Nipatie samaki, baba." Waseme. Jina lako halijaguswa.

Pale ni pazuri, mwanangu. Hawapigi kelele, hawaulizi kabila, na yanayosemwa yanabaki chini na maranda ya mbao. Wanakunywa chai ya tangawizi. Ukishika kikombe kwa mikono miwili hakuna anayekuangalia, kwa sababu nusu yao wanakishika vile.

Rudi. Sitakusindikiza hata mpaka kona. Nimewaambia Angelika anaenda safari, na kwamba ndugu atakuja kukaa mahali pake, juu ya ubao wa karibu na dirisha. Wamekubali, wanapaacha wazi. Wape jina lolote unalotaka. Na wakikuhadisia mama mumoja aliyelewa kaikpo mpaka mikono ikatetemeka, usinitetee. Nyamaza, ukae, unywe chai.

Nakuaga na miguu yangu hii mizito. Ukiingia Bunia, pitia kwanza kule Rwambuzi, ndipo uje nyumbani.

Miye,
Mama yako tu