Mpopla Juu ya Tuta

Solbakk, Dakota Kaskazini
2 Septemba 1996

Mdogo wangu Eivind,

U mzima huko Tacoma? Kifua kimetulia, au bado unakohoa moshi wa kuchomelea meli? Sisi hatujambo, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Habari ya kwanza, na usicheke: mimi ndiye mwenyekiti wa baraza la mji. Nilitoka mkutanoni kwenda msalani, niliporudi nikakuta nimeshachaguliwa. Wote walikuwa wanaangalia vikombe vyao vya kahawa. Unawajua watu wetu.

Habari ya pili ndiyo inayoninyima raha. Ni lile bwawa la maji taka alilolitunza baba maisha yake yote. Watu hulikumbuka upepo ukivuma kutoka kusini tu, lakini maji ya vyoo na masinki ya mji mzima yanaishia kule. Maji yanatulia miezi, jua na upepo vinayasafisha, ndipo tunayafungulia kijitoni, mara moja majira ya machipuko na mara moja kabla ya baridi. Tuta likipasuka kabla ya hapo, uchafu wote unashuka mbichi.

Mhandisi wa jimbo amekuja kukagua. Mama mmoja mpole, ameshika kofia yake isipeperuke. Akatembea juu ya tuta mpaka chini ya ule mti mkubwa wa mpopla, akatikisa kichwa. Alisema mizizi hufuata maji, na maji hufuata mizizi, na tuta la udongo halina la kufanya katikati yao. Nyumba ya Arvid Lunde iko chini pale pale. Anataka tuung'oe na mizizi yote kabla ardhi haijaganda, maana ikishaganda hakuna wa kuichimba, na theluji ikiyeyuka bwawa hujaa hadi ukingoni.

Baraza likamjibu, "Tutaangalia." Akaondoka ameridhika, maskini. Hakujua kuwa "tutaangalia" ya Solbakk maana yake ni hapana.

Niandikie.

Dada yako,
Ragna


Tacoma
11 Septemba 1996

Mheshimiwa Mwenyekiti, dada yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote za cheo chako. Mimi mzima, kifua kinapiga kelele lakini kinafanya kazi. Vipi goti? Vipi wanao?

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mji mzima unaogopa mti! Kateni, mng'oe, mkamilishe. Arvid alinifundisha kuendesha trekta, sitaki nisikie amesombwa na vinyesi vya Solbakk. Mti wenyewe hata siukumbuki. Baba si alikuwa anang'oa kila kichaka juu ya tuta lile? Nilipigwa kofi pale kwa kuacha mche wa mwerezi ukue. Nani alipanda mpopla, na baba akamwachia?

Mdogo wako,
Eivind


Solbakk
20 Septemba 1996

Eivind,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama hujakaa, kaa.

Aliyeupanda ni baba. Siku ile alipokuambia ukivuka reli usirudi, nawe ukavuka, alikaa siku chache bila kusema na mtu. Halafu akaenda kijitoni, akang'oa mche, akaupanda juu ya tuta mahali ambapo mtu anayekuja kwa barabara kuu hawezi kukosa kuuona. Kiangazi alikuwa akiumwagilia kwa ndoo. Yule yule aliyekupiga kofi kwa mche! Alijua fika anaharibu tuta lake. Mji mzima ulijua, na hakuna aliyefungua kinywa, kwa sababu ungemwambiaje?

Mti wenyewe watu wanauita Eivind. Si kwa dhihaka. Utasikia dukani, "Eivind katoa majani mapema mwaka huu," au, "Jana upepo umemvunja Eivind tawi." Hata mimi nasema hivyo. Mhandisi alipotaka tukate mti, wewe ulisikia mti tu. Wenzangu walisikia jina lako.

Jana nimempelekea Arvid chapati za viazi. Nikapita malishoni kwake, buti likazama hadi kifundoni, na hapajanyesha. Maji yanatoka ardhini, chini ya tuta, usawa wa mti.

"Arvid, haya maji yameanza lini?"

"Aa, ni kidogo tu."

"Nimekuuliza lini."

"Labda miaka mitatu. Minne. Ng'ombe hawajali."

"Na hukumwambia mtu!"

Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo. "Ragna, mti ule ni wa baba yako, wa Halvor. Ningeanzaje?"

Nilimpigia kelele, Eivind. Mzee wa watu. Nikamwambia bwawa lote litakuja kulala kitandani kwake kwa sababu ya adabu. Akaniambia kahawa ipo tayari.

Kila nikifungua bomba jikoni nakumbuka yale maji yanakwenda wapi. Nataka kuung'oa. Niambie niung'oe.

Dada yako,
Ragna


Tacoma
30 Septemba 1996

Dada Ragna,

Salamu nyingi. Sijui nikwambie mimi ni mzima au si mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama, nisamehe, kisha nikaisoma kazini, msimamizi akanifukuza nikatulie.

Miaka kumi na tisa nimeishi nikijua baba alinifuta. Sikuja kumzika kwa sababu alisema nisirudi, nami nikasema basi, nimtii angalau mara moja. Ulikuwa wapi na habari hii? Mlikuwa wapi nyote? Mji mzima unaita mti kwa jina langu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na stempu?

Sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Usiuguse. Mkataba wangu unaisha Mei. Nitakuja, nitaushika kwa mikono yangu, kisha nitashika shoka mwenyewe, naapa. Arvid amekaa na maji yale miaka minne, msimu mmoja zaidi hautamuua. Fungulieni maji mengi kabla ya baridi, wekeni mifuko ya mchanga, fanyeni lolote. Lakini mniachie.

Ragna, ni hicho tu alichoniachia.

Mdogo wako,
Eivind


Solbakk
16 Oktoba 1996

Eivind mpenzi,

Nakusalimu, na najua hutaitikia.

Sikukusubiri.

Nilitembea na barua yako mfukoni siku tatu. Nilikwenda kwenye tuta, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kukupa hiyo Mei kuliko ninavyotaka kitu chochote. Lakini kila nilipofika nilisikia udongo unabonyea chini ya miguu, na chini pale Arvid alikuwa anatundika nguo.

Nikaitisha baraza. Nikasimama, nikasema, "Eivind lazima ang'olewe."

Gudrun, mjumbe mwenzangu, akatazama dirishani, akasema, "Naona hewa inabadilika."

"Gudrun, nazungumzia mti."

"Najua, mama. Ndiyo maana nazungumzia hewa."

Nikauliza nani anapinga. Hakuna aliyepinga. Kupinga nako ni kusema.

Tulifungulia maji kwanza, bwawa likashuka, ndipo katapila likaja. Liling'oa shina, tukachimba kufuata mizizi. Ilikuwa imepenya tuta kutoka upande mmoja hadi wa pili. Pembeni mwa mzizi mmoja palikuwa na tundu la kuingiza mkono wangu mpaka begani, na ndani mlikuwa na maji yanatembea. Yule mama mhandisi alilitazama akakaa chini kwenye matope. Alisema theluji ya kawaida tu ingetosha kulipasua tuta.

Tumejaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia tabaka kwa tabaka. Kesho yake ardhi ikaganda.

Nililia mbele ya watu, Eivind, kwa sauti. Walishtuka kuliko walivyoshtushwa na tundu. Nakuomba unitukane kwa barua ndefu.

Dada yako,
Ragna


Solbakk
12 Januari 1997

Eivind,

Hujambo? Nauliza kweli. Krismasi imepita, kadi yako sikuiona. Nimepiga simu karakana, wakasema upo kazini ila huwezi kuja kwenye simu. Basi nimejua u hai.

Theluji kama ya mwaka huu sijaiona tangu nizaliwe. Imefunika madirisha ya chini, na wazee wameacha kusema "si mbaya". Namwambia Arvid ahamie kwangu, anasema tutaangalia. Kila siku naendesha gari mpaka bwawani, nasimama, sioni tuta wala bwawa, ni weupe tu. Nakwenda kutazama nini, sijui.

Andika hata neno moja.

Dada yako,
Ragna


Solbakk
23 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima wa afya. Sisi tu wazima, na safari hii si adabu.

Theluji yote iliyeyuka kwa pamoja. Kijito kilipanda juu ya daraja, na bwawa likajaa mpaka mtu aliyesimama juu ya tuta angeweza kunawa mikono bila kuinama sana. Nilikwenda kwa Arvid, nikambeba yeye, mbwa na sufuria yake ya kahawa, kwa nguvu, huku ananiambia nisijisumbue. Mji mzima ulisimama na majembe na mifuko ya mchanga. Mawimbi yalikuwa yanapiga pale pale tulipochimba. Nilisimama hapo hapo, sikuondoka.

Lilishika. Malishoni kwa Arvid pamekauka. Amerudi kwake jana, na alipofika mlangoni akageuka akaniambia, "Asante, Ragna. Niliogopa sana." Mzee Lunde! Gudrun alilazimika kukaa.

Sina haki ya kukuambia usinichukie. Ulikuwa ni wako, nikauondoa, na ingekuwa leo ningeuondoa tena. Hutaukuta ukija. Utakuta nyasi fupi na alama ya udongo mpya.

Lakini nimefikiri majira yote ya baridi. Baba alipanda mti mahali pabaya kuliko pote duniani kwa sababu hakuweza kuandika neno moja, na sisi wengine tukaumwagilia miaka yote hiyo badala ya kukuandikia. Neno lenyewe si refu. Naliandika mimi, kwa niaba yake na kwa niaba yangu.

Rudi.

Dada yako,
Ragna