Kisanduku cha Bi Zawadi

Jumapili, 3 Novemba 2024

...na ndiyo maana narudia, sikukosea kumchagua. Mwanamume gani mwingine angemweleza mkewe uongozi wa biashara huku anamenya muhogo? Fadhili wangu! Leo wiki ya saba tangu nikaha, na bado nikimwona anavua viatu mlangoni moyo unanienda mbio kama nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Leo kanifundisha kazi nne za meneja. Kupanga, kuandaa, kuongoza, kudhibiti. Nikamwambia basi mimi ulinipanga tangu Idi! Kacheka mpaka kisu kikamponyoka. Halafu kanichorea piramidi ya mahitaji ya binadamu. Chini kabisa chakula na usingizi, juu yake usalama, kisha mapenzi, kisha heshima, na kileleni mtu kutimiza kipaji chake. Nikauliza, sisi tuko wapi? Kasema ngazi ya mapenzi imejaa mpaka inamwagika, shida iko kwenye ile ya usalama.

Ni kweli. Bwana Hatim, mwenye karakana ya kubangua korosho, alimpa usimamizi kwa miezi mitatu ya majaribio. Inaisha tarehe 30. Akifaulu tunabaki hapa Naliendele, karibu na mama. Akishindwa tunahamia kwao Kondoa. Kondoa mimi simjui mtu, isipokuwa mama mkwe niliyekaa naye siku mbili. Sitaki kuwaza.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefanya kazi na mume wangu! Msaidizi wake kaugua, kaniomba nikaandike. Nimevaa lile dera la kijani analolipenda.

Kwenye notsi zake za chuoni kuna mtaalamu wa zamani aliyepima kazi kwa saa. Kila mjongeo wa mkono, sekunde ngapi. Basi Fadhili kashika simu, mimi daftari. Wanawake thelathini, mikono imepakwa mafuta ya kula ili utomvu wa ganda usiwaunguze. Tunapita benchi kwa benchi, korosho ishirini kila mmoja.

Halima, mdomo wake haulali, kamwuliza: "Shemeji, ukishatupima mikono utapima na nini tena?" Karakana nzima kicheko. Masikio ya Fadhili yakawaka. Nilitamani kumkumbatia palepale.

Wa mwisho kwa kasi katoka Bi Zawadi. Lakini aliinuka mara tatu! Kuna binti mgeni alikuwa anavunjavunja korosho, Bi Zawadi kamwendea, kamshika kiwiko, kamwonesha, karudi. Saa inakwenda. Nikamwambia Fadhili hebu turudie. Kasema hapana mke wangu, kipimo kiwe kimoja kwa wote, ndiyo haki.

Nikaandika.

Bi Zawadi ni Somo wangu. Ndiye aliyenicheza unyago na kunifunda, ndiye aliyenisimamia harusini. Nusu ya wanawake wa pale kawacheza yeye. Nilimpigia goti nikamwamkia, kisha nikaziandika sekunde zake.

Jumatano, 6 Novemba

Siku tamu! Fadhili kaleta karatasi ya manila. Anataka mchoro wa ngazi za kazi ubandikwe ukutani. Kila mtu bosi mmoja, amri itoke sehemu moja, mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Kasema wewe unawajua, panga majina. Kiongozi wa benchi awe anasoma na kuandika vizuri, na kasi yake iwe nzuri. Basi.

Nimechora visanduku kwa rula, mistari ya bluu, majina kwa kalamu nyekundu. Bwana Hatim juu. Chini yake Fadhili—nimemwekea nyota ndogo pembeni, kaifuta, kasema hii ni ofisi. Benchi la kwanza nimempa Nuru. Kamaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma yangu, mwepesi, ana mwandiko mzuri. Chini ya Nuru, wanane. Bi Zawadi wa nane.

Nimemwomba Fadhili asiseme ni mimi. Ionekane kazi ya meneja. Kanibusu kidoleni penye wino!

Jumamosi, 9 Novemba

Nilipeleka chakula cha mchana. Laiti nisingeenda.

Mchoro uko ukutani, unapendeza. Chini yake nikamwona Nuru anampelekea Bi Zawadi ndoo ya korosho za kubangua. Kapiga magoti. Magoti yote mawili, kwenye sakafu ile yenye mafuta, mbele ya watu wote, kaisukuma ndoo kwa mikono miwili, uso chini. "Nisamehe, Somo, wamesema nikupe hizi."

Nuru naye katoka mikononi mwa Bi Zawadi! Miaka miwili tu iliyopita! Mwari hamtumi kazi aliyemcheza. Hamwoneshi kidole, hamkosoi. Hilo si siri ya ndani ya unyago, hata mtoto wa shule anajua hapa kwetu. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua na nikachora mstari.

Bi Zawadi kaipokea ndoo. Kasema tu, "Inuka mwanangu, utachafua khanga." Akaendelea kubangua. Hakuna aliyetania, hata Halima.

Fadhili njiani kaniambia, umeona utulivu? Muundo unafanya kazi.

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 13 Novemba

Kilo za korosho zimeshuka. Fadhili anasema ni mazoea mapya, watazoea.

Jumamosi, 16 Novemba

Hawajazoea. Nuru hajaenda kazini siku tatu, anasema tumbo. Wengine wanakuja saa ileile, wanakaa palepale, wanajibu "sawa bosi" kwa adabu, na mikono inakwenda kama inasindikiza maiti. Hakuna kosa la kumwandikia mtu. Korosho nzima zimepungua, zilizovunjika zimejaa. Mabinti wapya hakuna anayewashika kiwiko.

Fadhili kajaribu njia zote za kwenye notsi. Kagawa kazi upya, wa kubangua wabangue tu, wa kumenya wamenye tu. Kawapa mapumziko ya chai. Katangaza zawadi kwa benchi litakaloongoza. Halima kamjibu: "Zawadi tulikuwa naye, shemeji, ukamweka mkiani." Wenzake wakatazama chini. Fadhili kanisimulia anacheka, anadhani ni utani wa jina. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikapepeta mpaka ukabaki nusu.

Jumatatu, 18 Novemba

Bwana Hatim kaja karakanani mwenyewe kutoka Mikindani. Hakupandisha sauti. Kasema: "Bwana Fadhili, ulipokuja korosho zilikuwa zinabanguliwa. Sasa zinasomewa." Kasema tarehe 30 ataangalia, kisha ataamua. Kuna mtu Dar kamwandikia anaomba nafasi hiyohiyo.

Mume wangu hakula. Nimempikia samaki wa nazi, kaugusa wali kwa kidole. Nimemshika mkono, wa baridi. Ya Rabi!

Jumatano, 20 Novemba

Asubuhi kafungua notsi ukurasa ambao hatukuwahi kufika. Kanisomea kwa sauti: katika kila sehemu ya kazi kuna kundi lililoandikwa na kundi lisiloandikwa, na kundi lisiloandikwa lina kiongozi wake, na meneja asiyemjua kiongozi huyo anaongoza viti.

Kaliweka daftari chini. Kaniangalia kwa yale macho yake! Kasema: "Hadija, wewe ni mtoto wa hapa. Kuna kitu sikioni. Ni nini?"

Nikasema sijui.

Wiki ya tisa ya ndoa na nimemdanganya mume wangu mchana kweupe. Najiambia mambo ya unyago hayasemwi kwa wanaume. Uongo huo nao! Goti la Nuru lilionwa na karakana nzima. Yeye kwao Kondoa somo ni mama wa kumsindikiza bibi harusi, basi, akishakula pilau karudi kwake. Angejuaje? Ningemwambia siku ileile angeng'oa karatasi. Lakini ningelazimika kusema nilijua. Kwamba nililiona jina la Somo linashuka kwenye kalamu yangu mwenyewe, na nikaona visanduku vinapendeza.

Ijumaa, 22 Novemba

Bi Zawadi kaacha kazi. Hakugombana na mtu. Kamwambia Fadhili mvua zimekaribia, anakwenda Mahurunga kuandaa shamba la mpunga. Kamshukuru, kampa mkono. Fadhili kasema, mama mwenye adabu sana yule.

Wanawake kumi na mmoja wamesema nao wana mashamba.

Jumapili, 24 Novemba

Nimempigia. Nimengoja Fadhili atoke kwenda dukani, nikakaa uani nyuma ya pipa la maji.

Nimemwamkia, kaitika marahaba. Kaniuliza kama nala vizuri, kama mume hajambo, kama bado anachekacheka. Nikasema siku hizi hacheki. Kasema aa. Nikasikia kuku huko kwake.

Nikaanza: Somo, kuhusu lile karatasi la ukutani—

Kanikatiza, taratibu. Kasema mumeo simlaumu. Mtu wa Kondoa, ataujua wapi utaratibu wetu? Yule kijana kaja na elimu yake na nia safi. Lakini wenzangu wamelitazama lile karatasi vizuri, mwanangu. Yale majina hakuyapanga mgeni. Mgeni hajui kuwa yule Mwanahawa wa benchi la tatu hapatani na Halima, asingewatenganisha. Mgeni hajui ukoo wa mtu. Yamepangwa na mtu anayetujua. Sasa huyo ndiye nataka kumwona uso. Nikishamwona, mimi nitarudi kwenye benchi langu, hata nikiwa wa nane, na wenzangu watarudi.

Nimesikia geti. Fadhili! Mkononi kabeba sukari na maandazi mawili, moja langu kama kawaida yake. Kasimama, kauliza kwa midomo tu: nani?

Somo yuko sikioni: "Utamleta?"

Nimemtazama mume wangu. Kakonda. Kola imemzidi shingo.

Nikasema ndiyo, Somo. Nitakuja naye Mahurunga, huyo aliyeyapanga majina, kabla mwezi haujaisha.